Nyenje wa Kisumu kwa Nge wa Nakuru: Tathmini ya Huduma Baada ya Miezi Minane

Tangu Mei mwaka jana ninanunua nyenje hai kutoka kwa mama mmoja anayewafuga katika viunga vya Kisumu, naye hunitumia kwa matatu hadi Nakuru, ninakofundisha biolojia katika shule ya upili. Nyenje hao ni chakula cha nge mmoja tu, nge mkubwa mweusi ambaye wanachama wa klabu yetu ya sayansi wamempa jina la Bi Gando. Katika miezi hiyo minane Bi Gando alikataa kula mara mbili, mara ya kwanza kwa wiki tano na mara ya pili kwa wiki saba, na mara zote mbili niliwalaumu nyenje kabla ya kuchunguza jambo lolote jingine. Kwa sehemu kubwa sikuwatendea haki, ingawa kuna kasoro za kweli ambazo nitazitaja, na yeyote anayefikiria kununua kwa mfugaji wa aina hii anastahili kujua lipi lilitokana na bidhaa na lipi lilitokana na mnunuzi.

Kwanza niseme kwamba shule yetu inamweka nge huyu kwa kibali, kwa ajili ya mafunzo. Wengi hudhani kwamba sheria ya wanyamapori inahusu ndovu na simba peke yao, lakini Mei 2025 mahakama iliyo katika uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta iliwatoza watu wanne faini ya shilingi milioni moja kila mmoja kwa kupatikana na malkia wa sisimizi waliokuwa wamefungwa katika vichupa, na wawili kati yao walikuwa wamekamatwa Naivasha, humu humu katika kaunti yetu. Mtu asiokote nge chini ya jiwe na kumpeleka nyumbani kabla ya kuuliza ofisi ya KWS, shirika la serikali la wanyamapori, iliyo karibu naye.

Sasa nije kwenye bidhaa. Kwa shilingi 600, mbali na nauli ya kifurushi, mteja hupata nyenje 100 waliofungwa katika boksi la karatasi ngumu lenye matundu madogo, na ndani yake vipande vya trei za mayai ambavyo nyenje huvishika na kujificha ndani yake. Mama huyu hufuga aina mbili. Wa kwanza ni nyenje wa kahawia, Acheta domesticus, ambaye ni laini na mtulivu. Wa pili ni mweusi mwenye madoa mawili ya rangi ya manjano mahali mbawa zinapoanzia, Gryllus bimaculatus, ambaye ni mnene zaidi, mwenye nguvu, na mwenye mataya yanayouma. Wateja wake wa kawaida ni wafugaji wa kuku na watu wanaowasaga nyenje kuwa unga wa kuchanganya katika vyakula, na hilo si ajabu kwa upande ule wa ziwa. Chuo Kikuu cha Jaramogi Oginga Odinga kule Bondo kimefanya utafiti wa ufugaji wa nyenje kama chakula kwa miaka mingi, na taasisi ya utafiti wa wadudu ya icipe, iliyoanzishwa mwaka 1970 na Profesa Thomas Odhiambo, ina kituo chake Mbita, ufukweni kabisa. Mteja mwenye nge alikuwa jambo jipya kwake, na alinieleza hivyo bila kuficha siku ya kwanza nilipompigia simu.

Kifurushi cha kwanza kilinitia wasiwasi. Gari lilitoka Kisumu alfajiri, likapita Kericho na nyanda za juu za Mau, na nilipolifungua boksi niliwakuta nyenje wamelala ubavu, miguu imekunjwa, hakuna anayetikisika. Nilidhani nimeuziwa maiti. Nikaliweka boksi jikoni, mbali kidogo na jiko, na baada ya muda usiozidi nusu saa walianza kuinuka mmoja mmoja mpaka boksi zima likawa linachakarika. Walikuwa wamepigwa na baridi tu. Laiti ningelitafakari vizuri jambo hilo siku ile, ningejiokoa na usumbufu wote wa Julai.

Bi Gando alikula vizuri mwezi wa Mei na wiki za mwanzo za Juni, nyenje mmoja au wawili kwa wiki, kisha akaacha. Nilimwekea nyenje wa kahawia jioni, na asubuhi nilimkuta nyenje anatembea juu ya mgongo wake, naye hajali. Nikabadilisha, nikaweka mweusi, mambo yakawa yale yale. Baada ya majuma matatu nilimpigia simu yule mama, nikamwambia kwa sauti ambayo sasa ninaijutia, "Mama, nyenje wako hawaliwi." Yeye hakujitetea. Aliniuliza, "Mwalimu, kwani huko kwenu usiku kuna baridi kiasi gani? Maana hawa wangu wenyewe baridi ikiwaingia huacha kula, na hawakui. Mimi huwawekea joto."

Swali hilo lilikuwa na thamani kuliko boksi zima la nyenje. Kisumu iko mita zipatazo 1,130 juu ya usawa wa bahari, na Nakuru iko karibu mita 1,850, nasi tunaoishi hapa tunaujua usiku wa Juni na Julai, ambapo joto linaweza kushuka hadi nyuzi 10 au chini ya hapo. Niliweka kipimajoto ndani ya tangi la Bi Gando katika maabara, nikakisoma saa kumi na mbili asubuhi, kikaonyesha nyuzi 14. Nge wakubwa weusi wa jamii hii, wakiwemo jamaa zao mashuhuri wa Afrika Magharibi wanaoitwa kitaalamu Pandinus imperator, hustawi katika joto la nyuzi 25 hadi 30.

Inafaa nieleze kwa nini baridi humzuia nge kula, kwa sababu ndipo nilipoelewa kwamba kukataa kwake hakukuwa na kiburi wala ugonjwa ndani yake. Nge hana joto lake mwenyewe la mwilini, bali hulipata kutoka kwa mazingira. Tena hamezi nyama. Humsagasaga mdudu kwa mataya yake madogo, humtemea vimeng'enya vinavyomyeyusha nje ya kinywa, kisha hunyonya maji maji peke yake, na mabaki makavu huyaacha yakiwa yamebanwa kama kitonge kidogo. Vimeng'enya hivyo hufanya kazi polepole sana kwenye baridi, na misuli inayonyonya vilevile hulegea. Kwa hiyo mwili wake hupunguza matumizi ya nguvu hadi kiwango cha chini kabisa na kungoja. Nge aliyekomaa anaweza kukaa miezi bila chakula, na wako waliovumilia hata mwaka mzima. Jambo asiloweza kulivumilia namna hiyo ni kukosa maji, na ndiyo maana kisahani kifupi cha maji safi lazima kiwepo kila siku, awe anakula au hali.

Nilinunua mkeka mdogo wa joto unaotumia umeme, pamoja na themostati ya kuuzima joto linapozidi. Muuzaji alinishauri niuweke chini ya tangi, lakini sikufuata ushauri huo, na ninasisitiza wengine wasiufuate. Nge wa aina hii huchimba. Akihisi joto linazidi, silika yake humwelekeza ashuke chini zaidi ardhini, na ikiwa joto lenyewe linatoka chini, anachimba akilifuata lile analolikimbia. Niliubandika ubavuni, upande mmoja wa tangi, ili upande wa pili ubaki na ubaridi wa kiasi na yeye mwenyewe achague pa kukaa. Umeme ukipotea, ninaweka chupa ya maji moto iliyofungwa kwa taulo nje ya kioo. Upande wa joto ulitulia kwenye nyuzi 27. Siku tisa baadaye, saa mbili za usiku, nyenje wa kahawia alipita mbele ya pango lake, na nikamwona Bi Gando akisimama ghafla, magando yamefunguka, bila kugeuka wala kutazama. Macho yake ni dhaifu, hivyo huyasikiliza mawindo kwa miguu, kwa vihisio vinavyopokea mtikisiko wa ardhi. Nyenje alipopiga hatua nyingine mbili, gando la kulia lilishuka juu yake. Hakutumia mwiba hata kidogo. Wanafunzi watatu waliokuwa nami walipiga makofi, nami nilimtumia mama wa Kisumu ujumbe usiku ule ule.

Kuhusu kasoro za kweli, ya kwanza ni ukubwa wa nyenje. Mama huyu huhesabu kwa uaminifu, mara nyingi nimepata 105 au 108 badala ya 100, lakini huchanganya wakubwa na wadogo na aina zote mbili katika boksi moja. Kwa mwenye kuku hilo halina madhara. Kwa mwenye nge lina madhara, kwa sababu mdudu wa kumpa asizidi nusu ya urefu wa kiwiliwili cha nge, na nyenje mweusi aliyekomaa ni mpinzani. Kasoro ya pili ni kwamba boksi halina tarehe. Nyenje aliyekwisha kupata mbawa ana wiki chache tu za kuishi, na mnunuzi anayeletewa wakubwa watupu atawaona wanakufa wenyewe kabla hawajatumika. Niliyalalamikia mambo yote mawili mwezi wa Agosti. Kuanzia Septemba amekuwa akiniandikia tarehe juu ya boksi kwa kalamu ya wino mzito, na hutenganisha aina kwa kipande cha karatasi ngumu. Ukubwa bado huchanganyika.

Ilipofika katikati ya Oktoba, Bi Gando alikataa tena. Safari hii joto lilikuwa sawa, unyevunyevu ulikuwa sawa, maji yalikuwepo, na bado hakula. Nilijaribu kahawia, nikajaribu weusi, nikawaagiza wadogo kabisa, nikajaribu hata funza wa unga, ambao walijichimbia udongoni na kutoweka. Nilipotaka kuagiza boksi la tatu ndani ya mwezi mmoja, mama alikataa kuniuzia. Maneno yake nimeyaandika katika daftari la klabu: "Mwalimu, nikikutumia wengine nitakuwa nimekula pesa yako bure. Tumbo lake likoje? Limenyauka ama limejaa? Kama limejaa, huyo hana njaa. Kaa kwanza umwangalie."

Hapo ndipo nilipomtazama kwa makini. Tumbo lilikuwa limejaa kiasi kwamba ngozi laini iliyo kati ya bamba na bamba ilionekana ubavuni, yenye rangi hafifu. Weusi wake, ambao kwa kawaida hung'aa kama kiatu kilichopigwa rangi, ulikuwa umefifia. Alikuwa mzito katika kutembea, na siku nyingi hakutoka pangoni kabisa. Nge mwenye njaa ya hatari huonekana tofauti: tumbo huwa bapa, bamba za mgongoni hupandana, na ubavu huingia ndani. Bi Gando, aliyeletwa klabuni akiwa mdogo wa sentimita saba, alikuwa bado anakua, na dalili zote zilisema kwamba anajitayarisha kujivua gamba.

Nge akikaribia kujivua gamba huacha kula, wakati mwingine kwa wiki nyingi, kwa sababu gamba jipya linajengwa chini ya lile la zamani, na hata mataya na sehemu ya mbele ya njia ya chakula hubadilishwa. Kumlazimisha ni kumsumbua bure. Lililonishtua zaidi ni kutambua kwamba nilikuwa nimemwacha nyenje mweusi mkubwa ndani ya tangi usiku kucha, tena si mara moja. Nge anayetoka katika gamba lake ni laini kama kiwavi, hawezi kujitetea, na nyenje mwenye njaa humtafuna. Kama angejivua usiku mmojawapo wa zile nilizomwacha na mweusi yule, huenda asubuhi tungemkuta amekufa. Niliwatoa nyenje wote, nikafukua udongo kwa kijiko kuwatafuta funza, nikaufunika ukuta wa tangi kwa kitambaa cheusi, na nikawaomba wanafunzi wasilifungue tangi wala kuligonga.

Katika Jumamosi ya kwanza ya Desemba niliingia maabara mapema na kuona kitu cheupe karibu na mlango wa pango. Nilikuwa nimeazima tochi ndogo ya miale ya urujuanimno (UV) kutoka kwa wakala wa M-Pesa anayeitumia kukagua noti bandia, kwa kuwa gamba la nge hung'aa rangi ya kijani na samawati chini ya mwanga huo. Niliimulika kwa ufupi. Gamba lililoachwa liling'aa lote, magando, miguu minane na mkia, kamili kama nge wa pili, na kando yake Bi Gando mwenyewe, mweupe wa maziwa, hakung'aa hata kidogo, kwa sababu gamba jipya huanza kung'aa kadiri linavyokuwa gumu. Katika miaka kumi na minne ya kufundisha somo la arthropoda, yaani wanyama wenye miguu ya viungo, ubaoni sijapata kuona kitu kilichonifundisha kama kile. Nilingoja siku kumi bila kumpa chochote isipokuwa maji, ili mataya yake yakauke na kuwa magumu, kisha nikamwekea nyenje mdogo wa kahawia. Alimkamata kabla sijafunga kifuniko.

Zipo sababu nyingine ambazo huwafanya nge wakatae chakula, nami nimekutana na baadhi yake kwa uchache: mwanga mkali, tangi linalofunguliwa mara kwa mara, na jike mwenye mimba, ambaye anaweza kupunguza kula kabla ya kuzaa watoto hai na wakati anapowabeba mgongoni. Sababu moja, hata hivyo, inahusu moja kwa moja thamani ya huduma ninayoitathmini. Wakati wa wiki zile saba mwanafunzi mmoja, kwa nia njema kabisa, alileta panzi watano aliowakamata katika shamba la mahindi la jirani. Shamba hilo lilikuwa limepuliziwa dawa ya viwavijeshi wiki ile ile. Kiasi cha sumu kisichomuua panzi upesi kinatosha kumdhuru nge anayemnyonya hadi tone la mwisho, na kadhalika mende aliyetoka katika nyumba iliyopuliziwa dawa. Nyenje wa kufugwa, waliokuzwa kwa chakula cha vifaranga na mboga ambayo mfugaji anajua ilikotoka, humwondolea mtu hofu hiyo. Mimi mwenyewe huwapa karoti na sukuma wiki iliyooshwa vizuri siku moja kabla ya kuwatumia, kwa sababu kilicho tumboni mwa nyenje ndicho kitakachoingia tumboni mwa nge, na maji huwawekea katika pamba iliyoloweshwa ili wasizame.

Usafirishaji ndio sehemu dhaifu zaidi. Mara saba kifurushi kilifika siku ile ile, kwa muda wa saa nne au tano. Mara moja, mwezi wa Septemba, kililala katika ofisi ya vifurushi ya kampuni ya matatu bila mtu yeyote kunipigia simu, na nilipokichukua kesho yake nyenje 60 walikuwa wamekufa kwa baridi na unyevu. Kosa halikuwa la mama, lakini alinitumia wengine 50 bila malipo na akakataa katakata kupokea pesa yangu. Ningependa atumie boksi lenye tabaka la magazeti ndani, hasa kuanzia Juni hadi Agosti, na atume nambari ya gari pamoja na ujumbe wa kuthibitisha, jambo ambalo sasa analifanya ninapomkumbusha.

Kwa mwenye nge mmoja, nyenje 100 ni wengi mno. Anakula mmoja au wawili kwa wiki, wiki nyingine hali, na kila asubuhi baada ya kumlisha ni lazima kumtoa nyenje ambaye hakuliwa. Waliobaki wanahitaji makazi, chakula na joto lao wenyewe, na madume huimba usiku kucha, kwa hiyo anayelala chumba kimoja nao ajiandae. Sisi hugawana na mwalimu wa kilimo, ambaye huwapa kuku wake nyenje wakubwa nisiowataka, na hivyo hakuna kinachopotea.

Kati ya alama tano ninampa nne. Ile moja ninaizuia kwa ajili ya ukubwa uliochanganywa na boksi lisilohimili baridi ya Mau. Juzi nilimweleza kwamba Bi Gando amefikisha sentimita kumi na moja na kwamba ninahitaji nyenje 40 wa kahawia, wa ukubwa wa wastani, mara moja kwa mwezi. Amekubali kufunga boksi dogo la idadi hiyo kwa shilingi 300 kuanzia Februari, na ameniomba nimtumie picha ya lile gamba, kwa sababu wajukuu wake hawaamini kwamba mdudu anaweza kutoka ndani ya mwili wake na kuuacha umesimama.